Ziara ya shule na watoto wadogo: jinsi ya kuwapeleka kwa gari na kuwarudisha salama

"Mwalimu, hawa ni wadogo, watatoshana."

Maneno hayo nimeambiwa na madereva, nimeambiwa na wasimamizi wa shule, nimeambiwa hata na wazazi waliotaka pesa za ziara zipungue. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Nakuru, na kila mwaka hutoka na watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea, na wa Gredi ya 1. Naandika mwongozo huu kwa sababu ya maneno hayo. Hatari kubwa ya ziara ya watoto wadogo haianzii barabarani kule Salgaa wala Londiani. Huanzia ofisini wiki tatu kabla, pale watu wazima wanapoona viti havitoshi, wakakubaliana kimyakimya kwamba mtoto ni nusu mtu.

Mtoto si nusu mtu barabarani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto asiyefungwa mkanda huendelea mbele kwa mwendo uleule. Pigo analopata akigonga kiti cha mbele ni kama la mtu aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Nawe uliyempakata ukidhani utamshika, hutaweza: mtoto wa kilo 15 katika nukta hiyo hukuvuta kwa nguvu inayoweza kufika uzito wa kilo 300. Mama yeyote anajua kwamba gunia tatu za mahindi hazishikiki kwa mikono. Kwa hiyo kila nitakalosema hapa linarudi kwenye jambo moja: kila mtoto na kiti chake, na mkanda wake, na jina lake.

Hatua ya 1: Chagua mahali panapomfaa mtoto

Mtoto wa miaka 4 au 5 hahitaji kusafiri kutoka Nakuru hadi Kisumu kwenda na kurudi siku moja. Hiyo ni zaidi ya kilomita 170 kila upande, karibu saa nne ukikutana na malori, na atakachokumbuka ni kutapika tu. Wa Nakuru tuna Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru ambayo iko mlangoni mwa mji, tuna makumbusho ya Hyrax Hill, tuna Menengai. Wa Kisumu mna Hifadhi ya Impala kando ya ziwa, mna Makumbusho ya Kisumu yenye mamba na nyoka na boma la Kijaluo, na Kit Mikayi si mbali kwa wale wakubwa kidogo. Wa Kakamega mna msitu wenyewe. Kwa watoto wa chekechea mimi hushika kanuni ya saa moja: wasikae garini zaidi ya saa moja bila kushuka, na safari nzima ya kwenda isipite saa moja na nusu. Hiyo ni kanuni yangu, si sheria ya nchi, lakini haijawahi kunitupa.

Ikiwa shule imeshaamua kwenda mbali, basi ijulikane mtapita wapi. Ukitoka Nakuru kwenda magharibi unapanda Ngata, Salgaa, Migaa, Sachangwan hadi Mau Summit, halafu unakata kushoto kuelekea Londiani na Kericho. Unapokwenda, malori yanateremka kukujia. Unaporudi, unateremka nayo ukiwa na watoto waliochoka, na dereva naye amechoka. Huko ndiko madereva wa malori wengine hutoa gia ili kuokoa mafuta, breki zikapata moto, gari likakataa kusimama. Tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likawaparamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote, walikuwa wamesimama stejini. Ndiyo maana siku zote nasema gari la watoto lisisimame junction kununua viazi wala mahindi ya kuchoma, hata kama dereva ana rafiki pale. Kama ni lazima kusimama, ingieni petroli steshini yenye nafasi ya ndani, mbali na lami.

Hali ya hewa nayo iwe kwenye mpango. Mau Summit na Timboroa huwa na ukungu wa asubuhi, na Kericho, Kisumu na Kakamega mvua hupenda kushuka alasiri. Panga ili saa nane mchana muwe tayari mmegeuza gari. Jua huku kwetu huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na Wizara ya Elimu imekataza mara kwa mara shule kusafirisha wanafunzi usiku. Mtoto wa chekechea awe mikononi mwa mzazi wake kabla ya saa kumi na moja.

Hatua ya 2: Hesabu viti kabla ya kuhesabu pesa

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Una watoto 28. Dereva anakwambia nisani mbili za abiria 14 zitatosha, 14 mara 2 ni 28. Sawa, walimu watakaa wapi? Kwa watoto wa umri huu nahitaji mtu mzima mmoja kwa kila watoto 6, kwa hiyo watu wazima 5. Jumla ni 33. Nisani mbili hazitoshi. Basi dogo la abiria 33 linatosha kamili, bila hata kiti kimoja cha ziada, na mtoto wa ishirini na tisa akilipa Jumatano jioni, ama mnaongeza gari ama anabaki. Ni bora abaki akilia siku moja.

Idadi ya abiria imeandikwa ubavuni mwa gari. Hiyo ni idadi ya watu, na mtoto ni mtu. Vile viti vya kukunja katikati ya njia visihesabiwe, wala kibao kinachotandikwa kati ya viti viwili, wala kiti cha mbele kando ya dereva. Watoto watatu kwenye viti viwili maana yake ni mikanda miwili kwa watoto watatu. Na kuwafunga wawili kwa mkanda mmoja ni hatari kuliko wanavyodhani wanaofanya hivyo: gari likisimama ghafla vichwa vyao hugongana kwa nguvu zote nilizotaja hapo juu.

Bei ipangwe baada ya hesabu hiyo. Mzazi akiuliza kwa nini ziara ya jirani ni nafuu, mwambie watoto wako wangapi na viti ni vingapi. Sijaona mzazi aliyeelezwa hivyo akakataa.

Hatua ya 3: Gari na dereva

Kama shule ina basi lake la manjano, uko hatua moja mbele, lakini likague hivyo hivyo. Kama mnakodi, gari liwe la PSV, yaani lenye leseni ya kubeba abiria, na lenye bima ya kubeba abiria, stika ya ukaguzi ambayo haijapita tarehe, na gavana, yaani kidhibiti mwendo, inayofanya kazi. Tangu zile kanuni za waziri John Michuki mwaka 2004, matatu zinatakiwa kuwa na mikanda na gavana ya kilomita 80 kwa saa. Kuwa na mkanda na mkanda kufanya kazi ni mambo mawili.

Nenda ulione gari siku moja kabla, mchana, na uchukue muda. Mimi hukaa kwenye kila kiti. Navuta mkanda wote hadi mwisho, naufunga, halafu nauvuta kwa ghafla kuona kama unashika. Mara nyingi utakuta mkanda upo lakini kile kifungio kimezama chini ya mto wa kiti, kimejaa vumbi na maganda ya njugu. Mwambie dereva akitoe mbele yako. Utikise mgongo wa kiti, maana kiti kilicholegea kwenye sakafu hufanya mkanda mzuri usifae kitu. Mkanda usioshika, kiti hicho hakina mtoto kesho, na hesabu inarudi Hatua ya 2.

Halafu tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi la mbele lililozeeka miaka mingi silikubali hata kama meno yake ni mazuri. Ndani ya mifereji ya tairi mna vijivimbe vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6, na tairi likishalingana navyo, limekwisha. Tazama pia spea na jeki, kizimamoto chenye mshale kwenye kijani, zile pembetatu nyekundu ambazo madereva huziita laifuseva, na mlango wa dharura: ufunguliwe mbele yako, usiambiwe tu kwamba unafunguka.

Dereva ni muhimu kuliko vyote hivyo, na mazungumzo naye yawe ya heshima. Muulize kwa upole amelala saa ngapi na ametoka wapi jana. Mweleze kwamba gari limekodiwa kwa siku nzima na liandikwe hivyo kwenye makubaliano. Nalisisitiza hili kwa sababu haraka nyingi za madereva hazitokani na tabia mbaya. Mwenye gari anamtaka arudi stejini kabla ya abiria wa jioni, na dereva wa watu anajua akichelewa atakatwa. Mkimlipa mwenye gari siku nzima, mmeinunua subira ya dereva. Hapo unaweza kumwomba mambo matatu na akayatekeleza: simu mfukoni, gari lisiondoke hadi mwalimu aseme, na kwenye mteremko mrefu ashuke kwa gia ndogo.

Hatua ya 4: Fomu na mkoba

Fomu ya ruhusa isiwe sahihi tu. Iwe na namba mbili za simu zinazopatikana siku hiyo, jina la anayempokea mtoto jioni, na ugonjwa wowote. Kule Kisumu na Magharibi uliza wazi kuhusu selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Mtoto mwenye selimundu akikosa maji au akipigwa na baridi anaweza kuanza maumivu makali, kwa hiyo huyo ana chupa yake ya maji na sweta la ziada, na mwalimu wake anajua. Pumu ni hivyo hivyo: pampu iwe kwenye mkoba wa mwalimu aliye gari moja na mtoto, si kwenye begi lililowekwa nyuma. Kifafa na mzio wa chakula, ulizeni pia.

Jina la mtoto lisiandikwe kifuani kwa herufi kubwa. Mtu asiyejulikana akimwita mtoto wa miaka mitano kwa jina lake, mtoto humwendea. Kifuani weka namba ya simu ya shule, na jina liwe ndani ya kola.

Mkoba wa huduma ya kwanza tunaujua. Ongeza mifuko ya kutapikia, taulo mbili za zamani, nguo za kubadili za mtoto mmoja wa kimo cha kati, na sabuni. Uji mwepesi na mkate asubuhi vinatosha, lakini maziwa mengi na vibanzi kabla ya kona za Londiani utavijutia.

Hatua ya 5: Kumfunga mtoto mkanda

Hili lina mambo mengi kuliko linavyoonekana.

Mkanda wa gari ulitengenezwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto wa PP2 ana kimo cha mita moja na kidogo, na mkanda wa bega ukimpita humkata shingoni. Akiona unamkwaruza, mwenyewe atauingiza chini ya kwapa au nyuma ya mgongo, na walimu wengi humsaidia wakidhani wanampunguzia shida. Usifanye hivyo. Mkanda ulio chini ya kwapa hubonyeza mbavu na ini, na ulio nyuma ya mgongo haufanyi kazi yoyote. Dawa yake ni kiti cha kunyanyua, kile kigumu kisicho na mgongo au chenye mgongo, kinachomwinua mtoto hadi mkanda upite katikati ya bega. Mto wa sofa au blanketi lililokunjwa si mbadala, maana hubonyea gari likisimama ghafla na mtoto akateleza chini ya mkanda.

Ukweli ni kwamba shule zetu nyingi hazina viti hivyo, na basi dogo huwa na mkanda wa kiunoni pekee. Basi fanya hivi. Mtoto akae hadi mgongo wake uguse kiti, si kwenye ukingo huku miguu ikining'inia. Mkanda upite chini, juu ya mapaja na mifupa ya nyonga, usipite tumboni. Uvute hadi kidole chako kimoja tu kiweze kupita. Asubuhi za Nakuru ni baridi na watoto huja wamevaa majaketi manene: vua jaketi kwanza, funga mkanda, kisha mfunike nalo kwa mbele. Mkanda ukifungwa juu ya jaketi nene unaona umekaza, kumbe umekaza pamba.

Mwaka juzi mtoto mmoja wa PP1 alikuwa akijifungua mkanda kila baada ya dakika tano. Sikumgombeza. Nilikaa kando yake, nikamfungulia, nikamfungia, nikamwambia asikilize mlio. "Tik," akasema. Kutoka hapo akawa yeye ndiye mkaguzi, anapita kwenye mstari kabla gari halijaondoka akisikiliza tik ya kila mwenzake, kisha anakaa yeye wa mwisho ninamfunga. Sasa nafanya hivyo kila ziara. Watoto hupenda kazi kuliko amri.

Wapange hivi: wadogo kabisa viti vya katikati, mtu mzima mmoja karibu na mlango, mmoja nyuma kabisa, waliobaki katikati. Kiti cha kwanza nyuma ya mlango kisicho na kiti kingine mbele yake kikaliwe na mtu mzima. Sufuria, makreti ya soda na galoni za maji zisiwe juu ya viti wala njiani, maana galoni ya lita 20 ni kilo 20 zinazoweza kuruka. Mwalimu naye afunge mkanda. Mtu mzima aliyelegea nyuma ya mtoto ni mzigo unaomwangukia.

Hatua ya 6: Njiani

Madirisha yafunguliwe kwa juu tu, mikono ndani. Lollipop, peremende ngumu na njugu visiliwe gari likitembea, maana mtoto akipaliwa kwenye kona huna nafasi ya kumsaidia. Anayetapika akae karibu na mbele ya gari na aangalie nje kwa mbali. Mwalimu mmoja asiimbe na asicheze: kazi yake ni barabara na mwendo wa gari. Ukiona dereva anayapita magari kwenye mlima asikoona mbele, usimpigie kelele mbele ya watoto. Mwendee, umwambie kwa sauti ya kawaida, "Mzee, tuko na watoto, hatuna haraka." Akirudia, mwombe asimame mahali salama, na hapo mpigie mwenye gari. Una haki hiyo. Umekodi gari lake, hukumkabidhi watoto wa watu auchezee uhai wao.

Mkiwa ndani ya hifadhi, watoto wanataka kusimama kwenye viti waone twiga. Wasimame gari likiwa limesimama kabisa, na wakae kabla halijaondoka. Kuhusu nyani wa Ziwa Nakuru, chukulia kwamba wanaujua mlio wa karatasi ya biskuti kuliko watoto wenyewe. Dirisha likiwa wazi na chakula kikionekana, ataingia.

Hatua ya 7: Kushuka, na kuhesabu kwa majina

Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria hufungukia kushoto, upande ambao wazazi huuona kuwa salama. Sasa kuna bodaboda. Bodaboda na tuktuk hupita kushoto kwa gari lililosimama, kati ya mlango na mtaro, hasa Kisumu mjini na hapa Nakuru karibu na soko. Mtu mzima ashuke kwanza, asimame nyuma ya mlango akiwa ameufunga ule upenyo kwa mwili wake na mkono umeinuliwa, ndipo watoto washuke mmoja mmoja. Kwenye nisani angalia vidole: mlango wa kuburuta ufunguliwe na ufungwe na mtu mzima, na kabla ya kuufunga watoto wote waweke mikono kichwani.

Dereva aliyekaa juu hamwoni mtoto aliye karibu na bampa. Mtoto aliyedondosha kofia mbele ya basi, kwa dereva hayupo. Wafundishe hatua kumi: ukishuka, hesabu hatua kumi kwa sauti ukiondoka garini, na kitu kikidondoka, acha, mwite mwalimu. Gari lisirudi nyuma watoto wakiwa chini, kamwe, isipokuwa mtu mzima amesimama nyuma na mwingine amewashika wote.

Sasa jambo lililonifunza kuliko yote. Ilikuwa Ijumaa, hifadhini Ziwa Nakuru, na shule zilikuwa nyingi. Tulikuwa na watoto 28. Tulitoka msalani, tukapanda gari, nikahesabu: 28. Mwenzangu akahesabu: 28. Dereva akawasha gari. Mtoto mmoja wa dirishani akaniambia, "Mwalimu, huyu si wa kwetu." Nikageuka. Alikuwa msichana mdogo ametulia kabisa, anakula biskuti tuliyompa sisi, amefungwa mkanda na sisi, amevaa sweta la maruni kama letu. Shule yao nayo ilivaa maruni. Wa kwetu aliyekosekana tulimkuta kwenye mifereji ya maji ananawa mikono katikati ya watoto asiowajua. Dakika tano tu. Lakini hesabu yetu ilikuwa imetimia, mara mbili, na kama mtoto yule asingesema, tungeondoka.

Tangu siku hiyo sihesabu vichwa. Natumia karatasi yenye majina, kila mwalimu na watoto wake 6, na kila mara tunapopanda naita jina, mtoto anaitika, nami naangalia uso wake kabla ya kuweka alama. Mtoto mwingine asimwitikie mwenzake. Tunafanya hivyo kila tunapopanda, hata kama tumeshuka kwa dakika mbili. Kundi zima pia hufunga kitambaa cha rangi moja mkononi ambacho shule nyingine haiwezi kuwa nacho. Sisi hukata kitenge kimoja vipande 30.

Mambo yakiharibika

Pancha kwenye barabara kuu: dereva asogee nje ya lami, awashe taa za hatari, aweke laifuseva mbali nyuma ya gari, angalau hatua 50. Watoto washuke kushoto wakiongozwa kwa majina, wasimame mbali na lami na mbali na gari, nyuma ya chuma cha kuzuia magari kama kipo. Wasisimame mbele ya gari wala nyuma yake. Mkikuta lori la mafuta limepinduka, geuzeni, hata kama ni kupoteza siku. Pale Sachangwan tarehe 31 Januari 2009 watu zaidi ya 100 waliungua kwa moto wa lori la namna hiyo.

Ikitokea ajali: 999 au 112 ni polisi, 1199 ni Msalaba Mwekundu wa Kenya. Usimvute mtoto aliyeumia isipokuwa kuna moto au gari jingine linakuja. Bonyeza panapotoka damu kwa kitambaa safi, na mtu mmoja abaki akiongea naye. Andika kabla ya safari hospitali zilizo njiani: ya rufaa ya kaunti hapa Nakuru, ya Molo, ya Kericho, na Jaramogi kule Kisumu ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Nakala ya majina na simu za wazazi ibaki shuleni kwa mtu ambaye hajasafiri. Zikiwa zote garini, hazimsaidii mtu.

Kama ni magari ya wazazi

Shule ndogo nyingi za Kisumu na Kakamega husafiri kwa magari ya wazazi. Inawezekana, lakini kwa masharti. Bima ya gari la binafsi kwa kawaida haigusi abiria wanaolipa nauli, kwa hiyo wazazi wasilipishane. Hakuna mtoto kwenye buti, hata la Probox, hata kama ni hapo tu. Watoto wote wakae nyuma. Mdogo anayekaa kwenye kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kabisa mbele penye mfuko wa hewa, maana ukifunguka humpiga kichwani. Mtoto abaki akitazama nyuma angalau hadi miezi 15, na ni heri azidishe. Halafu kiti chenye mikanda yake hadi karibu miaka 4. Halafu kiti cha kunyanyua hadi afike kimo cha sentimita 135 au zaidi.

Viti vya mitumba vipo na vinasaidia. Kabla ya kununua, geuza kiti: chini kuna tarehe iliyochorwa kwenye plastiki na kibandiko chenye alama R44 au R129, ambazo ni viwango vya usalama vya viti vya watoto. Hakina kibandiko, plastiki ina ufa, au mwuzaji hajui kama kiliwahi kuwa kwenye ajali, kiache.

Magari yasifuatane kwa kukimbizana. Kila dereva awe na ramani ya njia na mahali pa kukutana, ili asiyeiona gari ya mbele asikanyage mafuta kuitafuta.

Hatua ya mwisho: Kurudi

Jioni watoto wamelala, walimu wamechoka, wazazi wamejaa langoni na kila mmoja anaita wake. Lango libaki limefungwa. Watoto washuke ndani ya uwanja, waingie darasani, na kila mmoja atolewe kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu. Shangazi asiyeandikwa asubiri hadi tumpigie mama. Atakasirika kidogo, muombe radhi, na usimpe mtoto.

Halafu rudi garini. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wetu. Mtoto aliyelala chini ya kiti cha nyuma hatasikika akiitwa. Mimi hutembea hadi kiti cha mwisho, nakigusa kila kiti kwa mkono, nainama kutazama chini, huku dereva amesimama mlangoni akiningoja. Nikimaliza ndipo tunapeana mkono na kuondoka.

Nyumbani, kabla sijalala, naandika kwenye daftari yale ya gari lenyewe. Safari iliyopita niliandika: "Kiti cha tatu kushoto, mkanda unashika mara moja kati ya mbili. Nilimhamisha mtoto. Mwenye gari aambiwe Jumatatu."